Wana Mtwara na Lindi: "however" moja imepandisha magunia 11 ya makopa mabichi kwenye Fuso. Mkato ulitakiwa ukae wapi?

#1 Kalamu ya Ligula

Wakuu, salaam. Nisikilizeni kwanza ndipo mnicheke, maana kucheka mtacheka tu.

Nina stesheni ndogo hapa Mtwara mjini, maeneo ya Ligula. Kazi zangu mnazijua: kutoa kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Sasa kwa kuwa ukuta wangu umejaa matangazo ya kazi ya Kiingereza, wazee wameshaamini mimi ni mkalimani. Mtu akiingiwa na meseji ya Kiingereza anakuja kwangu kabla hajamtafuta mwanawe.

Wiki tatu zilizopita kaja mzee mmoja wa upande wa Nanyamba. Anakusanya makopa, yaani mihogo mikavu, kwa wakulima, anamuuzia mnunuzi wa Dar. Mvua ilimkuta mzigo ukiwa umeanikwa, kati ya magunia 32 yakawa na unyevu 11. Mzee muungwana, akampigia mnunuzi akamweleza ukweli. Mnunuzi akasema subiri meseji. Meseji ikaja kwa Kiingereza, kaandika karani wake. Mzee akanipa kitochi chake, kioo kina ufa, mstari niliouona ni huu:

"We will take all your bags however wet

Kioo kikaishia hapo. Nikasoma kwa sauti mbele ya wateja: "Mzee, wanasema watachukua magunia yako yote hata yawe yamelowa kiasi gani." Akafurahi, akaniachia shilingi 500 ambayo sikumwomba, akaondoka. Sikubonyeza kitufe cha kushuka chini. Na huko chini kulikuwa na hili:

bags must be dried first at your own cost"

Yaani magunia yote tutachukua, ila yaliyolowa yakaushwe kwanza kwa gharama yako. Fuso limepakia 32, limefika Dar, 21 yamepokelewa, 11 yamekataliwa getini, na kwa siku zile za njiani yalikuwa yameshaota ukungu.

Mzee karudi juzi. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alikaa kwenye benchi la wateja, akavua kofia akaiweka magotini, akaniuliza: "Mwanangu, ulisoma au ulikisia?"

Nataka kujua kosa ni la nani, langu au la karani aliyeandika bila hata mkato mmoja. Na hii "however" na ndugu zake, akina "therefore" na "moreover", sheria yao hasa ni ipi? Nimeshachapa barua za kazi mamia, na mikato naitupia tu kama chumvi kwenye mihogo.

#2 Kipa wa Ndanda

Lipa nauli ya magunia 11 mkuu. Sarufi baadaye.

#3 Chausiku wa Chikongola

"Ulisoma au ulikisia." Hapo nimeumia mimi ambaye hata stesheni sina.

#4 Ticha wa Masasi

Kalamu, kosa mmegawana: wewe hukumaliza kusoma, na yeye hakumaliza kuandika. Ukinibana zaidi nitasema fungu lake ni kubwa, kwa sababu sentensi yake ndiyo iliyokufungulia mlango wa kukosea.

"However" ina kazi mbili. Ya kwanza ndiyo tunayoijua wote, ile ya "hata hivyo". Ya pili ni "hata iwe kiasi gani", na katika kazi hiyo inashikana moja kwa moja na sifa inayofuata: "however wet", "however far", "however hard you try". Hapo ukitia mkato katikati umeliua neno. Kwa hiyo msomaji anayekutana na "however wet" bila alama yoyote ana haki kabisa ya kuyashikanisha. Umesoma Kiingereza sahihi, Kalamu. Bahati mbaya hakikuwa Kiingereza alichokusudia mwenzako. Alitakiwa aandike:

"We will take all your bags; however, wet bags must be dried first at your own cost."

Nukta-mkato (;) inatangaza kuwa sentensi ya kwanza imekwisha. Mkato unaokuja baada ya "however" unaitenga na "wet". Kama nukta-mkato inamtisha, aweke nukta, aanze "However" kwa herufi kubwa, maisha yaendelee. Kitu ambacho hakiruhusiwi ni mkato peke yake mbele: "all your bags, however, wet bags must be dried". Hapo "however" imening'inia katikati, hujui ni mkia wa sentensi ya kwanza au kichwa cha ya pili. Waingereza kosa hilo la kugundisha sentensi mbili kamili kwa mkato wana jina lake, wanaliita "comma splice".

Mkato hautoshi kwa sababu "however" si kiunganishi. Ni kielezi. Sawa na "therefore", "moreover", "nevertheless", "consequently", "otherwise", "as a result". Maana zao zinafanana na za viunganishi, ndiyo maana wanafunzi wangu wanaangukia hapo kuanzia fomu wani hadi siksi. Kiunganishi kama "but" ni ndoano ya tela, inashika gari huku na tela kule. "However" ni maandishi ya kwenye bodi. Unaweza kuyachora mbele, ubavuni au nyuma, ila lori halivuti tela kwa maandishi.

Ukitaka kujua neno ni ndoano au maandishi, jaribu kulihamisha.

"The road was bad; however, the bus arrived."
"The road was bad; the bus, however, arrived."
"The road was bad; the bus arrived, however."

Zote tatu zimesimama. Sasa jaribu "but": "The road was bad; the bus, but, arrived." Hii hata mtoto atakukatalia. Neno likihamishika ndani ya sentensi yake ujue halifungi kitu. Basi ukilitanguliza kwenye sentensi ya pili, mbele yake weka nukta au nukta-mkato, na nyuma yake mkato.

#5 Kipa wa Ndanda

Ndoano ya tela. Ticha umewahi kuwa utingo wewe, usitufiche.

#6 Ticha wa Masasi

Likizo mbili, Masasi hadi Tunduru, enzi za vumbi. Tuendelee.

#7 Mmwera Halisi

Shikamoo ticha. Mimi ninaandika "Mvua ilinyesha, hivyo hatukwenda shamba", na tangu darasa la tatu hakuna aliyenikata maksi. "Therefore" si ndiyo "hivyo"? Kwa nini huku mkato unatosha, kule hautoshi?

#8 Ticha wa Masasi

Marahaba. Umeshika shina lenyewe, nikuambie kwa urefu kidogo.

Mkato wa Kiswahili ni mpole. Tunauweka pale sauti inapotua, na vitabu vingine vimeuita kipumuo, jina linalojieleza. Mkato wa Kiingereza cha leo hauulizi pumzi. Unauliza vishazi, vile vipande vya sentensi vyenye kitenzi: hiki ni huru, kinajisimamia, au ni tegemezi, na kati yao kuna ndoano au hakuna? Mtu wetu anaandika Kiingereza kwa pumzi ya Kiswahili. "It rained, therefore we did not go to the farm." Ukiisoma kwa sauti ni tamu kabisa, na ni kosa.

"Hivyo" yako ina tafsiri mbili za Kiingereza zenye maana moja na kazi tofauti. Ukichagua "so" umechukua kiunganishi, mkato unatosha: "It rained, so we did not go to the farm." Ukichagua "therefore" umechukua kielezi: "It rained; therefore, we did not go to the farm." Ndoano ni saba tu, zikaririni zikae: for, and, nor, but, or, yet, so. Zinapounganisha vishazi viwili huru, mkato unakaa mbele yake, na nyuma hakuna kitu. Ninaona "So, we did not go" na "But, the bus arrived" kwenye madaftari kila wiki, mkato umeingia nyuma kama mgeni ambaye hakualikwa.

Halafu kuna ugonjwa wa "ingawa". Kwetu tunasema "Ingawa njia ilikuwa mbaya, lakini basi lilifika." Wanasarufi wakali wanaguna, ila mtaani inapita. Ukiihamisha hivyo hivyo unapata "Although the road was bad, but the bus arrived", na hapo mtahini anaitia duara. "Although" imeshakifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi, kwa hiyo "but" haina cha kuunganisha. Chagua moja: "Although the road was bad, the bus arrived", au "The road was bad, but the bus arrived." Na ukitaka kuniona nimenuna, niandikie "Although, the road was bad." Baada ya "although" hakuna mkato.

#9 Fomu Siksi Mtarajiwa

Ticha, kuna mwalimu alitufundisha kuwa kila "linking word" ikianza sentensi inafuatiwa na mkato. Ndiyo maana tunaandika "Although," na "Because,". Sasa nimkumbuke vipi huyu mtu?

#10 Ticha wa Masasi

Mkumbuke kwa wema, alikuwa na wanafunzi wengi na dakika arobaini. Tatizo ni ule mfuko mmoja wa "linking words" ambamo yametupwa makabila matatu. Wamo akina "but", wamo akina "although" na "because", wamo akina "however". Kila kabila na mila zake. Orodha ile inayobandikwa ukutani haikuambii nani ni nani, ndiyo maana nawafundisha kuhamisha neno badala ya kukariri orodha.

#11 Nguru wa Kilwa

Nachungulia kwa jicho la historia. Babu zetu wa pwani hii waliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ukizishika zile za zamani hukuti mikato wala nukta hizi za leo. Salamu zinatiririka weee, sifa za mpokeaji zinatiririka, halafu unakutana na neno la "wa baadu", na msomaji anajua salamu zimekwisha, sasa shughuli. Neno la mpito lenyewe ndilo lilikuwa alama. Hadi leo mtu anaandika "Baada ya salamu, ..." kwenye barua na hajui anarithi nini.

Nukta-mkato ya ticha nayo si ya tangu Adamu. Ilianza kupigwa chapa Venice, Italia, katikati ya miaka ya 1490, kwenye karakana ya Aldus Manutius. Kilwa ilikuwa na misikiti ya mawe kabla kile kidude hakijazaliwa.

#12 Kipa wa Ndanda

Mtu wa Kilwa haandiki aya mbili bila kutaja misikiti. Naheshimu.

#13 Binti Mikindani

Mimi nahariri ripoti za miradi, Kiingereza ndicho kinachonipa unga. Naongeza yanayonisumbua mezani kila siku.

La kwanza ni "however" ikiwa katikati. Ticha ameandika "the bus, however, arrived" akapita haraka. Mikato hapo ni miwili, na inatembea pamoja kama ndala. Nusu ya ripoti ninazopokea zina ndala moja: "The training however, was delayed." Mkato mmoja kati ya kiima na kitenzi ni kama kufunga mlango mtu akiwa nusu ndani. Aidha yote miwili au usiweke kabisa. Na kwa "however" yenye maana ya "hata hivyo" mimi siachi kamwe, maana yake inategemea kutengwa.

"Therefore" ni tofauti kidogo. Ikiwa nyepesi katikati, inakaa bila mikato na haina shida: "We therefore postponed the training." Ukisoma kwa sauti husikii ikijitenga, basi usiitenge. Vivyo hivyo "thus", "then" na "hence", ni maneno mafupi, mara nyingi hayahitaji mkato nyuma hata yakianza sentensi: "Then the rain started." Ila ufupi hauyageuzi kuwa ndoano. Na "hence" ina mtego wake. Ikifuatiwa na nomino tupu, mkato mbele unatosha, kwa sababu hakuna sentensi ya pili: "The sacks were wet, hence the smell."

Kilichonikuta mimi ni programu ya kukagua sarufi kwenye kompyuta. Kuna ripoti ya mradi wa visima, mwandishi aliandika vizuri kabisa: "However hard the villagers dug, they found no water." Programu ikapiga mstari wa rangi, ikashauri mkato. Nimechoka, ni saa tano usiku, feni inazunguka kwa kulazimishwa, nikabonyeza kukubali. Ikatoka "However, hard the villagers dug". Bosi alinirudishia ukurasa huo akiwa amechora kijiko na sahani pembeni. Alielewa "hard the villagers dug" kama methali ya Kizungu.

#14 Chausiku wa Chikongola

Kijiko na sahani kwa nini?

#15 Binti Mikindani

Mpaka leo sijui. Niliogopa kuuliza.

#16 Dalali wa Bandarini

Nyie mnafanya mzaha, mkato ni hela. Marekani, jimbo la Maine, madereva wa malori ya maziwa waliishtaki kampuni yao, Oakhurst Dairy, wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilitaja kazi zisizolipwa ziada, na kwenye orodha ile kulikosekana mkato mmoja kabla ya "or", ikawa haieleweki kama usambazaji ni kazi inayojitegemea au ni sehemu ya kufungasha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikawapa madereva nafasi kwa sababu ya utata huo, na 2018 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Kalamu mshukuru Mungu wako kwa magunia 11.

#17 Ticha wa Masasi

Kesi ni ya kweli na ni tamu, ila ule ni mkato wa orodha, ukoo mwingine. Wa kwetu hapa ni wa kutenga sentensi. Zinapokutana ni kwamba msomaji alikuwa na njia mbili na mwandishi hakuziba mojawapo.

#18 Mmwera Halisi

Lakini ticha, Waingereza wenyewe wanaandika wanavyotaka. Nimesoma hadithi zao, mikato inagundisha sentensi tatu mfululizo. Sisi wa Ruangwa na Liwale ndio tukamatwe?

#19 Ticha wa Masasi

Kwenye hadithi mwandishi anacheza na mwendo, na sentensi fupi fupi zenye kufanana zinavumilia mkato. Kwenye WhatsApp nako hakuna askari. Unaandika barua ya kazi ya kiwanda, au mkataba, au mtihani? Huko yupo. Mtahini hajui kama umeivunja sheria kwa ustadi au kwa kutoijua, na akikosa kujua atachagua la pili.

Halafu si kila kinachoitwa sheria ni sheria. Wengi mmeambiwa sentensi isianze kwa "However". Hiyo ina asili yake: William Strunk, aliyekuwa mwalimu wa Chuo cha Cornell kule Marekani, mwaka 1918 alielekeza kwamba "however" yenye maana ya "hata hivyo" isitangulie kwenye sentensi. Yalikuwa mapendeleo yake. Leo waandishi wazuri wanaanza nayo bila hofu, mradi mkato ufuate.

#20 Kalamu ya Ligula

Wakuu nimesoma yote, wateja wamesubiri kopi. Naomba mnisaidie kwa mfano hai. Kijana ameleta barua ya kuomba udereva, ameniruhusu niweke kipande bila jina. Ameandika hivi, na mimi kwa utaratibu wangu wa zamani ningeichapa kama ilivyo:

"I have five years of experience in driving, moreover I have a class C licence, I however, have no experience with forklifts, therefore I am ready to learn, for example I learned to drive a tractor in two weeks."

#21 Kipa wa Ndanda

Hiyo sentensi imetoka Mtwara mpaka Mingoyo haijashusha abiria.

#22 Binti Mikindani

Niachieni, hii ni chai yangu ya asubuhi.

Kwanza hesabu sentensi kamili zilizomo: zipo tano, zimegundishwa kwa mikato tu. Mimi ningempa hivi:

"I have five years of experience in driving and a class C licence. I have no experience with forklifts. However, I am ready to learn. I learned to drive a tractor, for example, in two weeks."

Tazama "moreover" nimeifuta. Haikuwa na kazi, leseni na uzoefu vinakaa pamoja kwa "and" tu. Kwa maoni yangu, "moreover" nyingi za barua za kazi ni koti la harusi kwenye shamba la mikorosho. "Therefore" nayo nimeitoa kwa sababu ilikuwa inadanganya: kukosa uzoefu hakusababishi utayari, kunapingana nao, kwa hiyo mahali pale ni pa "however". Kumbe alikuwa na maneno sahihi, yamekaa viti visivyo vyao.

"For example" ina njia mbili. Ikifuatiwa na orodha tu, mkato mbele unatosha: "I can drive many vehicles, for example, tractors and lorries." Ikifuatiwa na sentensi kamili, rudi kwenye nukta au nukta-mkato.

#23 Ticha wa Masasi

Sina la kuongeza, ila "in two weeks" ningeitoa pembeni kidogo: "For example, I learned to drive a tractor in two weeks." Wiki mbili ndizo zinazomuuza, zisikatwe na chochote.

#24 Binti Mikindani

Nimekubali. Ndiyo maana wewe ni ticha.

#25 Fomu Siksi Mtarajiwa

Swali la mwisho kabla ya bando kukata. "As a result" na "as a result of" ni kitu kimoja?

#26 Ticha wa Masasi

Hapana. "As a result, the price fell": kielezi, mkato nyuma yake. "As a result of the rain, the price fell": hapo "of" imeshika "the rain", kwa hiyo mkato unasubiri mpaka kifungu chote kiishe. Usiandike "As a result, of the rain". Hivyo hivyo "instead" na "instead of". Kalale.

#27 Chausiku wa Chikongola

Jamani swali la kijinga. Mnunuzi wa Dar ni Mtanzania, mzee wa Nanyamba ni Mtanzania, karani naye bila shaka. Kiingereza kiliingiaje kwenye makopa?

#28 Kalamu ya Ligula

Dada Chausiku, hilo swali mzee mwenyewe aliniuliza jana. Nikampigia karani. Anasema ana meseji zake zilizoandikwa tayari kwa ajili ya wateja wa nje, anabadilisha idadi tu na kutuma. Nikamsomea ile yake pole pole, nikasimama palepale ilipokatika kwenye kitochi. Akanyamaza. Akasema, "Duh, kweli." Halafu akasema bosi wake hawezi kulipa kitu.

Nauli ya magunia 11 tumegawana nusu kwa nusu, mimi na mzee. Alikataa mara mbili, mara ya tatu nikamweka mtoto wake wa kiume katikati ndipo akapokea. Aliniletea ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, mfuko mzima, sasa sijui ni nani amemlipa nani.

Leo asubuhi karudi na meseji mpya. Kabla hajanipa simu akaishika mwenyewe juu ya mwanga, jicho moja amefumba, anatafuta kitu. Nikamuuliza unatafuta nini mzee. Akasema, "Ile nukta yenye mkia uliyonielekeza. Ipo?" Haikuwepo. Meseji ni hii, naiweka kama ilivyo:

"Bring only dry bags otherwise do not come"

Safari hii nimeshuka mpaka chini kabisa ya kioo. Hakuna mstari mwingine. Ticha?

#29 Ticha wa Masasi

"Bring only dry bags; otherwise, do not come." Nukta-mkato baada ya "bags", mkato baada ya "otherwise". Mwambie mzee alete makavu tu.

#30 Kipa wa Ndanda

Na ming'oko mtume picha.

#31 Dalali wa Bandarini

Kalamu, gunia la makopa Nanyamba linakwenda bei gani sasa hivi? Nina mtu. Njoo PM.